Fungu la Usingizi

Fundi Sponji hakuwa mtu mbaya, na hilo tuliseme mapema, kwa sababu huko mbele litakuwa gumu kuaminika. Alikuwa fundi wa makochi, na jina hilo alipewa na wateja kwa kuwa vumbi la sponji halikumtoka kichwani hata siku alipovaa suti. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya bati, ikitazama barabara. Ukiingia, cha kwanza kukuvutia hakikuwa makochi bali makopo. Misumari mifupi ilikuwa na kopo lake, mirefu lake, vifungo lake, na kila kopo lilibandikwa karatasi yenye herufi kubwa. Mkewe alizoea kumtania kwamba siku moja ataamka akute na yeye amebandikwa karatasi kwenye paji la uso.

Huyo mkewe alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kushona foronya za mito ya makochi. Ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri, ni kuzungumza. Alikaa juu ya rundo la sponji karibu na mlango, kitambaa mapajani, akaanza habari za shangazi yake aliyenunua kochi halafu akakataa kulikalia, akawa anakaa chini na kulitazama. Hakuwa na haraka. Habari iliyoanza asubuhi ilipita sokoni, ikaingia hospitali, ikasalimia watu usiowajua, na jioni shangazi bado yuko chini. Fundi aligonga misumari huku akiitikia "enhe". Ungemwuliza kama anayapenda maneno hayo asingekubali, lakini mara ile mkewe alipokwenda kwao kumwuguza mama, mzee mzima alijigonga vidole mpaka akafunga karakana mapema. Mkono wake ulishazoea kwenda na sauti ile.

Basi, mafundi wenzake wakaanza kujirekodi na kuweka video kwenye mtandao, naye hakutaka kuachwa nyuma. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba kila ukipakia video unaulizwa mambo mawili: iwekwe fungu gani, na ipewe lebo zipi, yaani yale maneno mafupi ambayo mtu akiyaandika anapotafuta kitu, video yako inamjia. Fundi aliona hayo ni makopo yake yamehamia kwenye simu. Palikuwa na fungu la Ufundi, Mapishi, Vichekesho, Mazungumzo, na hata fungu la Usingizi, ambako watu walisikiliza sauti ya mvua na ya feni ili walale. Alijiweka kwenye Ufundi, akazipanga lebo zake kwa uangalifu kama mtu anayepanga vyombo vya wageni: makochi, kochi la kona, springi, kubadilisha kitambaa. Kisha akasubiri watu.

Watu walikuja kwa kusuasua, wengi wao ndugu na mafundi waliotafuta kosa. Hadi siku alipoweka video ya kochi la kona, kazi aliyojivunia kuliko zote. Asubuhi yake alikuta maoni yamejaa, roho ikamruka kwa furaha. Akavaa miwani. Wa kwanza aliuliza huyo mama anayeongea huko nyuma ni nani. Wa pili alitaka kujua shangazi alikaa au hakukaa. Wa tatu alimwomba fundi, kwa heshima zote, apunguze kugonga kwa sababu hawasikii.

Alicheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka.

Mkewe ndiye aliyefurahi bila hila. Akataka na yeye ukurasa wake, akauita "Kaa Nikwambie", akajirekodi anashona foronya na kusimulia. Mambo ya mafungu na lebo hakutaka hata kuyasikia. "Hayo niwekee wewe, baba watoto," alimwambia. "Mimi kazi yangu mdomo. Wewe ndiye mtu wa makopo." Mwanzoni fundi alimtendea haki. Alimweka kwenye fungu la Mazungumzo, akamwandikia lebo za maana: hadithi, familia, maisha, kushona. Huko mwanamke akapaa. Kabla ya muda mrefu kupita alikuwa na wafuasi kumzidi mumewe, kisha akamzidi mpaka ikawa aibu kulinganisha.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia Fundi Sponji, ukavua viatu, ukakaa. Alikuwa akila huku anatazama simu ya mkewe kwa pembe ya jicho. Mkewe akicheka peke yake na maoni ya watu, chakula kinamgeukia. Alijiuliza inakuwaje amesoma ufundi miaka yote hiyo, ameumia mgongo, ameng'olewa kucha na springi, halafu dunia inapita mbele ya kochi lake kwenda kumsikiliza mtu anayesimulia habari za shangazi. Na shangazi mwenyewe hajakaa hadi leo! Halafu kulikuwa na lile jambo jingine, ambalo hakulitamka hata moyoni. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasikia peke yake chini ya bati lile, kwa miaka, na sasa watu asiowajua wanayapata kabla yake, kwa sababu mkewe alishaanza kusema, "Ngoja hii nisikwambie sasa, nairekodi kesho."

Siku moja mkewe akampa video mpya apakie, naye akakaa nayo karakanani, kidole juu ya simu. Mtandao ukauliza: fungu gani? Akapita Mazungumzo, akashuka, akashuka tena, akamweka kwenye Usingizi. Pale, alijiambia, mtu anayetaka sauti ya mvua atakutana na shangazi na atakimbia. Zilipofika lebo, mkono ukafunguka wenyewe. Aliandika usingizi. Akaandika maneno mengi. Kupoteza muda. Domo. Haina mwisho. Haina faida. Aliandika mpaka akajisikia mwepesi, kama mtu aliyekohoa kitu kilichomkaba. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akarudi kwenye video za zamani akazifanyia hivyo hivyo, moja baada ya nyingine.

Watazamaji wakashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mkewe alishangaa, akasema labda watu wamemchoka, na uso wake ukapoteza nuru. Mnajua alichofanya huyu bwana? Alikwenda kumnunulia soda. Akamfungulia chupa kwa mkono wake, akampa pole, akamwambia mambo ya mtandao ndivyo yalivyo, leo kwako kesho kwa mwenzio. Jioni ile aligonga misumari huku anapiga mluzi.

Mluzi haukudumu. Taratibu, kutoka kule alikomtupa, watu wakaanza kuinuka, au tuseme wakaanza kulala. Kumbe wapo wengi wasiopata usingizi, na mvua na feni walishazichoka. Muuguzi aliyetoka zamu aliandika kwamba sauti ya mama huyu inamkumbusha kulala sebuleni utotoni wakati wakubwa wanaongea. Mjane mmoja aliandika kwamba tangu mumewe afariki nyumba imekuwa kimya mno, sasa simu hiyo ameiwekea mto kando yake. Dereva wa malori aliandika: "Mama, sijawahi kusikia mwisho wa habari yako hata moja. Mungu akubariki." Waliambiana, wakaitana, na video za zamani zote zikafufuka pamoja na mpya.

Fundi alizisoma zote. Alizisoma chooni, alizisoma juu ya kochi la mteja, na kila pole na kila shukrani ilimchoma mahali palepale. Wateja wapya walikuja karakanani, wakachungulia ndani, wakauliza kama hapa ndipo kwa yule mama. Wakishaambiwa ndipo, waliagiza kochi bila hata kutazama mbao. Yeye waliyemkuta na nyundo walimwita shemeji. Usiku na mchana alikuwa anatafuta wa kumlaumu, na mtu wa kumlaumu alikuwa ni yeye.

Kilichozidi kumtesa ni kwamba mkewe alimshukuru. Alimshukuru mbele ya ndugu, mbele ya majirani, na mwishowe akataka kumshukuru mbele ya wafuasi wake. Alipanga video ya kueleza jinsi mumewe alivyoona jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona, kwamba sauti yake inatuliza, akaipeleka mahali inapostahili. Ilikuwa asubuhi, karakana imefagiliwa. Alivaa gauni la kutokea, akakaa juu ya rundo la sponji, akamwambia fundi achukue simu yake mwenyewe amrekodi. Ya kwake aliishika mkononi.

"Nataka niwasomee na zile lebo alizoniandikia," alisema akiitazama kamera, "ili mjue huyu bwana ananijua kiasi gani."

Fundi alitaka kusema simu imeisha chaji. Akachelewa. Mkewe alikuwa ameshauliza watu namna ya kuzifungua, na kidole chake kilikuwa kimeshafika.

"Usingizi," alisoma, akatabasamu. "Maneno mengi." Akacheka, akasema hilo ni kweli. "Kupoteza muda." Hapo sauti ilipungua. Akaendelea kusoma kama mtoto anayesoma ubaoni, neno moja moja. "Domo. Haina mwisho. Haina faida."

Akafungua video nyingine. Akafungua ya tatu. Zote zilikuwa vilevile, kwa mpangilio uleule, kama makopo. Fundi bado alikuwa ameishika simu juu, inarekodi, kwa sababu hakujua aishushe vipi.

"Hizi uliziandika lini?" aliuliza mkewe.

Fundi alisema ni zamani kidogo. Alisema ilikuwa hasira tu. Kisha, kwa kuwa uongo ulishamwishia, akasema, "Walikuwa wanakusikiliza wewe. Na mimi hapa nilikuwa nabaki bila kitu."

Mkewe alikitazama kitambaa kilichokuwa mapajani, akakikunja mara mbili. "Ungeniambia tu ninyamaze," alisema. "Ningenyamaza."

Akainuka, akapangusa vumbi la sponji kwenye gauni, akaingia ndani.

Hakukuwa na ugomvi. Ndugu waliotumainia kuitwa kusuluhisha hawakuitwa. Chakula kilipikwa, maji ya kuoga yalipelekwa, salamu zilitolewa asubuhi na jioni. Mkewe akiulizwa kitu alijibu, na jibu lilikuwa na mwisho. Lebo alizifuta mwenyewe, akajifunza kuandika zake. Fungu hakulibadilisha, alisema kuna watu wanamtegemea huko. Foronya alihamia kuzishonea chumbani, mlango ukiwa umeegeshwa, na fundi aliposogea karibu kuchukua mzigo aliisikia sauti ikiendelea, laini, bila haraka, kisha akigusa tu mlango inakatika. "Zipo mezani, baba watoto." Basi.

Fundi alijaribu. Alileta soda, ikanywewa kwa asante. Siku moja alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya mzaha, "Hivi shangazi alikaa, au?" Mkewe akamjibu kwamba habari hiyo ameshairekodi.

Karakana ikawa pana. Nyundo ilikuwa na mwangwi ambao hakuwahi kuusikia. Alijigonga kidole gumba, akakinyonya, akajigonga tena, na mchana mmoja, kochi la watu likiwa limepasuliwa tumbo na springi zimetazama juu, akashindwa. Akapangusa vumbi mkononi, akachukua simu. Kumwuliza mtu angeona haya, kwa hiyo alitafuta mwenyewe. Alipita Ufundi. Alipita Mazungumzo. Akashuka mpaka chini, akamkuta palepale alipomweka.

Shangazi alikuwa ameanza kusogea. Alikuwa ameshika mkono wa kochi, anawaza. Chini ya video maoni yalizidi kupanda: nimelala, nimelala, nami nimelala, asante mama. Fundi Sponji aliyasoma na wivu ukamshika upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Aliwaonea wivu watu waliolala. Walikuwa wanapewa yote hayo bure, na hakuna hata mmoja aliyefika mwisho, na yeye aliyekuwa macho, aliyetaka kusikia mpaka neno la mwisho, hakuwa akisemeshwa.

Aliiegemeza simu juu ya rundo la sponji karibu na mlango, akachukua nyundo, akaanza kugonga polepole ili asikie.

"Enhe," aliitikia.