Draiva Aliyeondoka na Kifunguo Kisichoonekana

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Migori, nilimfukuza dereva wa kampuni bila kosa. Kompyuta ya mashine ya kudarizi nembo za sweta ilikuwa imegoma, na meneja, akiwa safarini, akaniambia kwa simu, "Toa draiva, halafu urudishe." Nikatoka nje, nikamwambia dereva wa pikapu aende kwanza, atarudi. Akaenda kwa furaha hadi kwao Macalder. Meneja alipofika alinikuta nimesimama mlangoni, namngoja dereva arudi.

"Draiva ya kompyuta," akasema polepole. "Ile programu ndogo inayoisaidia kompyuta kukijua kifaa ulichochomeka. Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Fomu foo, bosi."

"Fomu foo ya wapi?"

Nyinyi vijana hamjui taabu ya kifunguo. Programu yetu ya kuchorea nembo haikufunguka mpaka uchomeke kidude cha USB, sura yake flash kabisa, ila hakina nyimbo ndani. Kazi yake ni kuithibitishia programu kwamba mwenye duka aliinunua kihalali. Kompyuta isipokiona, hudarizi hata herufi moja.

Baadaye nikahamishiwa Homa Bay. Mtu wa kupenda kitanda chake kama mimi, niliona nimepelekwa ng'ambo. Kila Ijumaa nilikuwa wa kwanza kubeba mkoba kurudi nyumbani Suna, kule Migori. Ijumaa moja, mkoba uko begani, mama msimamizi wa tawi akaniita. Skrini ilisema kifunguo hakipatikani. Kwaya moja ya kanisa ilikuwa inavuka ziwa kwenda kisiwa cha Mfangano kesho yake asubuhi, majoho yao yamelala mezani bila nembo, na wakubwa wa Migori walikuwa wameshamwonya yule mama: akipoteza kazi nyingine ya kanisa, tawi linafungwa.

"Mzee, weka mkoba chini," alisema.

Nikaanza na taa ya kifunguo. Haiwaki. Nikakichomoa kwenye kile kigawio cha USB cha matundu manne, ambacho ofisi nzima ilichajia simu, nikakichomeka kwenye kompyuta yenyewe. Taa ikawaka, lakini programu bado ikakataa. Basi kifunguo kilikuwa kizima. Mgonjwa ni draiva, maana kompyuta ilikuwa imejisasisha asubuhi ile. Nikakitoa kifunguo, nikafuta draiva, nikazima na kuwasha, nikaweka draiva upya. Kifunguo ni cha mwisho kabisa. Ukikitanguliza, kompyuta inakitafutia draiva isiyo yake, na unaanza upya.

"Unachomeka tena?"

"Nachomeka, madam."

"Na isipofunguka?"

"Tutavaa hayo majoho sisi, tukaimbe."

Hakucheka. Ikafunguka. Mashine ikaanza kugonga, naye akavua viatu, akakaa juu ya rundo la vitambaa kama mtu aliyetoka kujifungua salama. Sijawahi kusikia kwaya tamu kuliko zile sindano. Usiku huo nililala Homa Bay bila kulalamika, jambo ambalo mke wangu haliamini hadi leo.

Sasa nimestaafu, sihami tena hata kiti, na tawi lile bado liko wazi. Juzi nilimweleza jirani yangu, Mama Achieng', muuza dagaa wa omena, ufundi wangu wote: taa, tundu, draiva, na kipi kinatangulia. Alisikiliza kwa makini hadi mwisho, akasema:

"Kwa hivyo miaka yote hiyo kazi yako ilikuwa kuchomoa na kuchomeka."