Kompyuta Iliyomuuliza Mama Yeye Ni Nani

Nilipohamia kwa mama huko Tetu na kazi yangu ya kompyuta, ugomvi wetu wa kwanza haukuwa wa chakula wala wa kuamka mapema. Ulikuwa wa paswadi. Ukiiacha kompyuta kidogo ukaenda kukoroga uji, unarudi unakuta skrini imejifunga na inakudai neno la siri. Mama aliyachukulia hayo kuwa matusi.

"Ati inaniuliza mimi ni nani? Kwa nyumba yangu?"

Kwa kupenda amani nikaandika skripti mbili, amri chache tu kila moja, nikaziweka palepale kwenye skrini. Ukibonyeza FUNGUA, paswadi inaondolewa kabisa. Ukibonyeza FUNGA, inarudishwa na skrini inajifunga papo hapo. Nikamfundisha mama, nikajiona nimemaliza kazi.

Kumbe sikuwa nimemfikiria mama vizuri. Kwake, kufunga kitu mbele ya mgeni ni kumwita mgeni mwizi. Kwa hiyo mtu akibisha hodi, mama alikimbilia kompyuta kwanza, ananiamuru niandike paswadi kama imejifunga, FUNGUA, ndipo akampokee. Mgeni akienda zake, FUNGA. Yaani mashine yangu, pamoja na siri za kazi ya watu, ilikuwa wazi nyumba ikijaa, na ikafungwa tukibaki mimi, yeye na kuku. Nilimweleza mpaka nikachoka. Akaniuliza nililelewa na nani.

Ndipo dada yangu aliye ng'ambo akajifungua msichana wa pili. Kwetu, msichana wa kwanza huchukua jina la nyanya wa upande wa baba. Wa pili ni zamu ya nyanya wa upande wa mama. Lakini shemeji alikuwa ameanza habari za jina la kisasa, na mama aliingiwa na hofu iliyomnyima hata hamu ya chai. Alisema atakufa bila mtu wa kubaki na jina lake. Nilimwonea huruma sana.

Siku ya kupigiwa simu ya video kwenye kompyuta yangu, akina mama wa kanisani walijaa sebuleni. Shemeji alizungukazunguka na maneno bila kulitaja jina, mpaka wageni wakaomba ruhusa wakakamue ng'ombe. Nikawasindikiza hadi langoni. Mgeni wa mwisho alipovuka kizingiti, mama, kwa mazoea, akabonyeza FUNGA.

Skrini ikazimika, kikaja kile kisanduku cha paswadi. Simu yenyewe haikukatika. Huko ng'ambo walikuwa wakimsikia vizuri kabisa. Yeye hakujua hilo.

Tukiwa langoni tukasikia kelele kutoka ndani.

"Mimi ni nani? Unaniuliza mimi?" Akataja jina lake, la baba yake na la ukoo. "Unataka jina gani ingine? Hakuna ingine!"

Nilirudi mbio. Alikuwa amesimama, ameinyooshea skrini kidole, analirudia jina kwa hasira, na kutoka kwenye kompyuta iliyofungwa sauti ya shemeji ilikuwa ikimsihi: "Pole mama, tumesikia. Tumekubali. Ataitwa hivyo."

Kidole cha mama kikabaki juu. Nikaandika paswadi kwa shida, kwa sababu kicheko kilinizidi. Mtoto akatokea, amelala, mdomo wazi. Mama akainama karibu na skrini akamwita kwa lile jina, na sijawahi kumsikia akilitamka kwa upole namna ile.