Kadi ya Meli Iliyovunja Daraja

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu wa ofisi ya barabara na madaraja aliniuliza kama najua kuogelea. Nikamjibu kwamba chuoni nilisomea hisabati. Akasema kuogelea kungenifaa zaidi, kisha akanikabidhi buku la vipimo na kunituma darajani. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, katika ofisi ndogo kando ya hori, mkono wa bahari unaoingia bara, kusini ya Msambweni kwenye njia ya Shimoni. Hapakuwa na mwanamke mwingine pale, na baadaye nilikuja kujua kwamba ni Karani Mkuu mwenyewe aliyeandika barua tatu kuomba niajiriwe.

Ninyi mnaoianza kazi hii leo mna vyombo vinavyoandika kimo cha maji vyenyewe. Sisi tulikuwa na mti wa kipimo, yaani ubao mrefu uliopigiliwa kwenye nguzo ya daraja na kupakwa rangi nyeusi na nyeupe, futi kwa futi. Niliusoma maji yakijaa na yakipwa, nikatoa hesabu ya nafasi iliyobaki maji yakijaa kabisa, kutoka usoni mwa maji hadi vyuma vya chini vya daraja. Chombo kilichotaka kuingia horini kilipimwa pia: sehemu yake ya juu kabisa imeinuka futi ngapi juu ya maji? Kikitosha kupita, niliandika kadi na kutia sahihi. Nakala ilibaki ofisini. Kadi yenyewe ilikwenda kwa mlinzi wa daraja, Mzee Bakari, ambaye hakupandisha bendera nyeupe ya ruhusa pasipo kuishika mkononi. Aliniita msomi, na sikuwa na hakika kama ni heshima au ni dhihaka.

Palikuwa na desturi moja niliyoikuta. Kadi iliyoandikwa chombo kikiingia ndiyo iliyotumika kikitoka. Majahazi yalikuja matupu na kuondoka na boriti za mikoko, na chombo kilichosheheni huzama zaidi. Kilichopita kikiwa kitupu hakikuweza kukwama kikiwa na mzigo. Niliiona ni desturi yenye akili, nikaifuata.

Ndipo ikaja meli ya chuma, imeleta saruji na mitambo ya kiwanda kilichokuwa kikijengwa huko juu. Niliipima, nafasi ikatosha na kuzidi kwa futi mbili, nikaandika kadi. Iliingia salama, ikapakua kwa siku nne. Siku ya tano, asubuhi, maji yakiwa yameanza tu kupwa, ikateremka kurudi baharini. Safari hii haikuwa na kitu tumboni, na ilikuwa imeinuka kuliko nilivyoipima.

Nilikuwa mezani niliposikia vyuma vikilia. Nilipofika nje, chumba cha usukani kilikuwa kimenasa chini ya daraja, na maji yaliyokuwa yakitoka yaliigeuza meli ubavu mpaka ikaegemea nguzo. Nguzo ilipinda polepole. Kisha kipande chote cha katikati kikaanguka, nusu juu ya meli, nusu majini. Hakufa mtu. Mzee Bakari alipoona haitapita alikimbia darajani akiwafukuza watu na kulizuia lori la mbata kwa mikono yake. Lakini barabara ya kwenda hospitali na Mombasa ilikuwa imekatika.

Injinia wa Wilaya alifika siku ileile kutoka Kwale na kumsimamisha Mzee Bakari kazi, kwa kuwa bendera ilikuwa mkononi mwake. Kadi, ushahidi wake wa pekee, ilikuwa imemponyoka majini akikimbia. Mimi nilifungua mtoto wa meza, nikaitazama nakala, nikaelewa. Nilimwonyesha Karani Mkuu.

"Kadi imekwenda na maji," alisema. "Hii ukiirudisha ulipoitoa, nani ataiuliza?"

Nikamwambia Mzee Bakari atafukuzwa.

"Bakari amebakiza mwaka mmoja. Wewe ndiyo kwanza umeingia, Bi Mwanaidi. Ukitoka hapa kwa aibu, hawataajiri binti mwingine. Hilo umelipima?"

Hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya uongo. Nikairudisha nakala kwenye mtoto wa meza, ikakaa humo siku mbili.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Mzee Bakari. Nilimkuta barazani akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Umekuja kuipima nyumba? Hii haiendi popote."

Alinieleza, bila kulalamika, kwamba msikitini wanamuuliza kama alikuwa amelala, na kwamba mkewe sasa huenda kisimani adhuhuri, wakati hapana watu. Nikamuuliza kama hakuiona meli ilivyoinuka.

"Niliiona tangu ilipotokea pale kwenye kona," alisema. "Nikasema moyoni, msomi amepima."

Asubuhi yake nilimpelekea Injinia nakala. Aliisoma mara mbili, akauliza nani alinifundisha kutumia kadi moja kwa safari mbili. Nikasema ilikuwa desturi.

"Desturi haina sahihi, Bibi," alisema. "Hii ina yako."

Mzee Bakari alirudishwa, akapewa kusimamia pantoni iliyovusha watu mpaka daraja jipya lilipojengwa. Tangu hapo kila chombo kilipimwa kikiingia na kikitoka. Mimi nilihamishiwa Kwale kupanga ramani kwenye rafu kwa miaka mitatu, chini ya Mkuu wa Masjala aliyenisemesha kwa vikaratasi tu. Baadaye nilipelekwa Mombasa, na mwishowe nikarudi Msambweni nikiwa Msimamizi wa Vipimo. Karani Mkuu hakuniaga. Katika ofisi ile ya horini hakuajiriwa binti mwingine hadi yeye mwenyewe alipostaafu.

Nami sasa nimestaafu. Katika wiki yangu ya mwisho wasichana wawili wa ofisini waliniuliza kama ningeitoa tena ile nakala, nikijua mlango utafungwa nyuma yangu. Niliwajibu kwamba ningeitoa, wakafurahi, wakaniona jasiri. Sikuwaambia kwamba nilikaa nayo siku mbili, nikienda na kurudi kazini kama kawaida, mtu mwingine akisemwa kwa kosa langu. Nimeona ni heri wasome jambo hilo hapa, kabla hawajaanza kunisifu kwa wengine.