Wageni Niliowaalika Siku ya Kura

Mume wangu alipiga kura Nairobi, Januari ile watu wa Sudan Kusini walipoulizwa kama wanataka kujitenga. Tulikuwa wachumba. Mimi Mkenya sikuwa na kura, lakini nilimsindikiza, nikakaa kwenye nyasi nje ya kituo na chupa ya chai, yeye na rafiki yake wakiwa kwenye foleni. Wawili hao walikulia kambi moja ya wakimbizi huko Turkana, ingawa makabila yao ni tofauti. Walitoka wameinua vidole vyenye wino, wanalia na kucheka kwa pamoja, na watu wasiowajua wakawakumbatia. Nilipofunga ndoa, rafiki yule ndiye aliyesimama na mume wangu kanisani.

Kazi ya benki ilinileta Johannesburg, mume wangu akanifuata. Baadaye akaja rafiki yake na mkewe na binti yao. Sisi tulipanga Troyeville, wao Rosettenville. Kila Julai, siku ya uhuru uliozaliwa na kura ile, Wasudani Kusini wa jiji hili walikodi ukumbi wa kanisa, na wapishi tulikuwa mimi na mke wa rafiki. Yeye ndiye aliyenifundisha kumimina uji wa kisra, ule mkate wa mtama wa kwao, kwenye chuma cha moto na kuusambaza mpaka uwe mwembamba kama kitambaa. Zile zangu za kwanza alizila mwenyewe, ili wageni wasizione. Tulizungumza Kiswahili, alichokiokota Nairobi, na mabinti zetu wakatujibu kwa Kizulu. Nilimwita dada, na sikuwa nasema hivyo kwa adabu tu.

Vita vilipoanza kwao, huku tuliendelea kukaa meza moja. Watu walichunga ndimi zao. Lakini baada ya mapigano ya Juba ya 2016, kila simu ya nyumbani ilileta msiba, na kila msiba ulitajwa pamoja na kabila la aliyeua. Mume wangu alifiwa na mjomba aliyemlea, na waliotajwa walikuwa watu wa kabila la rafiki yake. Akaanza kwenda kwenye vikao vya wanaume wa kabila lake, na akirudi haongei.

Mwaka uliofuata, sikukuu ikiwa karibu, nilimwuliza, "Sherehe ipo?"

"Ipo. Ukumbi ule ule."

"Basi nimwambie dada tuanze kujiandaa."

Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Sawa," akasema.

Nikapiga simu pale pale. Dada akauliza, "Una hakika tunatakiwa? Kuna watu siku hizi hawatusalimu."

"Mimi ndiye ninayekualika," nikamwambia. "Na mume wangu ni mmoja wa waandaaji. Njooni."

Jumamosi nilikwenda Fordsburg kununua nyama ya mbuzi. Dada alibaki kwake akipika kisra. Jumapili baada ya ibada, baridi ikiwa kali, nilikuwa jikoni pale ukumbini nikipanga sahani, binti yangu akaja mbio. "Mama, mbona wanakatazwa kuingia?"

Nilitoka mikono ikiwa na maji. Wanaume wawili wa kamati walikuwa wameziba mlango. Nje alisimama rafiki wa mume wangu, amevaa suti. Mkewe alishika beseni la kisra lililofunikwa kitambaa cheupe, na binti yao alikuwa na gauni jipya lenye rangi za bendera.

"Kikao kiliamua," mmoja wa wanaume aliniambia. "Mwaka huu watu wa kabila lao hawaji."

"Kikao gani? Hawa ni wageni wangu."

"Muulize mumeo, mama. Alikuwepo."

Niligeuka. Mume wangu alikuwa ndani, karibu na spika, ameshika waya. Alituona wote. Nikamwita. Akainama, akaendelea kuunyoosha ule waya kana kwamba umejifunga fundo.

Rafiki yake naye aliona. Hakupandisha sauti. "Shemeji," akaniambia, "wewe ndiye uliyetuita."

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Nakuamini," akasema.

Mkewe aliweka beseni kwenye ngazi, akamshika binti yake mkono, akaenda kwenye gari.

Nilivua aproni, nikamchukua binti yangu, nikawafuata hadi kwao. Dada alinipa chai kwa sababu hajui kumnyima mgeni, kisha akaingia chumbani na hakutoka. Mumewe ndiye aliyekaa nami. "Kukatazwa si kitu," alisema. "Tumezoea kukatazwa. Nilidhani tu yeye angenipigia simu, aniambie nisije."

Nyumbani nilimkuta mume wangu bado amevaa koti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza niliwajibu nini kikaoni."

"Uliwajibu nini?"

"Nilinyamaza. Maiti ya mjomba haijapatikana mpaka leo. Ningewatetea vipi?"

"Hakuna aliyekuomba uwatetee. Ulikaa hapo, ukanisikia nikiwaita, ukaniacha."

Akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango.

Kabla mwaka haujaisha wale wenzetu walihamia Durban. Habari hiyo niliipata kwa watu wa kanisani. Mkataba wa amani uliposainiwa, mume wangu alimpigia rafiki yake. Nilisikia sebuleni wakiulizana hali ya hewa na masomo ya watoto, kwa heshima, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Alipokata simu aliniambia mambo yamekwisha. Hofu yake niliweza kuielewa, na msiba wake niliulia pamoja naye. Lakini aliwaacha wamwamini mtu asiyejua kitu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwaka 2019 kamati iliwaalika wote tena. Mume wangu akaniomba nipike.

"Tafuteni mwingine," nikasema.

Akapiga pasi shati lake mwenyewe, akaenda.