Vipimo vya Meza Yangu

Nakumbuka Alhamisi moja ya kiangazi, asubuhi, nimeketi chini ya turubai kwenye machimbo ya dhahabu karibu na Buseresere, nikilinganisha fomu za meza mbili. Meza moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya Mama Kulwa, muuguzi wa umri wa mama yangu, tuliyemwajiri kwa muda. Nilikuwa mtafiti kijana, nikichunguza jinsi shinikizo la damu linavyouchosha moyo wa mchimbaji na kuuharibu ubongo wake kidogo kidogo, hadi kiharusi kimwangushe. Nilijua mengi, mwanangu, na nilijua kwamba nayajua.

Kwa siku tatu foleni yangu ilikuwa imekwenda mbio, na ya Mama Kulwa ikajikokota. Kila aliyetoka duarani, yaani katika shimo la dhahabu, Mama Kulwa alimkalisha kitini, akamwamkia kwa Kisukuma "Mwangaluka", akamuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za mama mzazi. Ndipo amfunge mkanda wa mashine ya presha.

"Kwa daktari ni kama karasha la kusaga mawe," alisema Masanja, mchimbaji mcheshi. "Kwa Mama Kulwa unatoka umeshaposewa."

"Mama, salamu zako zitatumalizia siku," nikamwambia.

"Mwili wake umefika, Daktari. Moyo bado unapanda ngazi."

Nilicheka, nikamwita mwingine.

Alhamisi hiyo fomu zikasema jambo la ajabu. Katika meza yangu karibu nusu ya watu walikuwa na presha. Katika meza yake, wachache tu. Nikaamua kwamba Mama Kulwa anatunga namba. Nikamwandikia kiongozi wa utafiti barua ya kutaka aondolewe. Muuguzi akishaitwa mghushi, nani atampa kazi tena? Hilo nililijua, na bado niliandika. Lakini nililelewa Shinyanga, ambako mtu mzima hashitakiwi nyuma ya kisogo chake. Nikamwita nimsomee kabla ya kuituma.

Alisikiliza hadi mwisho. "Umemaliza? Haya, chukua ndoo mbili ukateke maji bombani."

"Mama, hili ni jambo zito."

"Na mimi nakutuma. Kwani huko kwenu hamtumwi na wakubwa?"

Nilikwenda. Nilipopanda mteremko na kurudi nikihema, akanifunga mkanda papo hapo, na mashine ikanitangaza mgonjwa. Kisha akaniketisha, akaniuliza habari za mama, za wadogo zangu, za mpunga wetu. Nilijibu kwa kinyongo, halafu bila kinyongo. Akanipima tena. Nilikuwa mzima.

Hakunihubiria. Alifungua fomu zangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Amepumzika dakika tano." Kila fomu ilikuwa na alama ya ndiyo, kwa mkono wangu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepumzika. Na sharti hilo nililitunga mimi. Nyani haoni kundule, wahenga wanisamehe kwa kulirudia neno lao; mghushi wa utafiti ule nilikuwa mimi.

"Barua utaituma?" akauliza.

"Nitaandika nyingine, mama."

"Kwanza tuwapime upya. Umewatia watu hofu."

Tuliwapima wote, kwa mwendo wake. Masanja, ambaye nilimwonya juu ya kiharusi naye akaacha kushuka duarani, alikutwa mzima.

"Kwa hiyo nilikuwa naugua mbio zako, Daktari?"

Wiki kadhaa baadaye, upimaji ulipokwisha, nilimtumia kiongozi wa utafiti barua hii: "Vipimo vya meza yangu vya siku tatu za mwanzo visitumike. Niliandika kwamba watu walipumzika, nao hawakupumzika. Vipimo vya muuguzi wetu ni sahihi, na wote wamepimwa upya kwa utaratibu wake. Adhabu yoyote inihusu mimi peke yangu."

Nilisubiri kufukuzwa; badala yake nililetewa fomu mpya. Mama Kulwa alibaki nasi hadi utafiti ulipokwisha. Sijawahi kupumua kama nilivyopumua siku fomu hizo zilipofika, na miaka yote ya kazi niliyoifanya tangu hapo juu ya moyo na ubongo imesimama juu ya barua ile.

Basi, mwanangu unayeingia katika kazi hii, usitie alama mahali ambapo hukutenda. Namba ya mwenzako ikipingana na yako, anza kwa kuipima yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kosa la mtafiti ni maradhi, likitajwa mapema lina dawa. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri, na usipungukiwe kamwe na mtu mzima asiyeiogopa elimu yako.