Mifuko ya Shuka la Zamani

Jirani yangu wa mlango wa pili hushona mifuko ya kupikia viazi kwa shuka lake la zamani, pamba tupu, hata uzi ni wa pamba. Bintiye alimwondolea jiko la gesi baada ya mama huyo kulisahau likiwaka mara mbili, akamwachia maikrowevu. Basi huosha viazi, huvitia mfukoni vikiwa bado na majimaji, huuingiza mfuko humo, hubonyeza dakika saba, kisha huketi mkono shavuni akitazama sahani ikizunguka kwenye ule mwanga wa manjano. “Hii ina akili kunishinda,” huniambia. “Inajizima yenyewe.”

Jumamosi nilimkuta bintiye amesimama katikati ya jikoni. “Mama, leo tunahama. Huwezi kukaa peke yako.”

“Haya. Kula kwanza.”

Chumba kilinukia viazi na nguo iliyotoka kupigwa pasi. Mama aliufungua mfuko kwa ncha za vidole; mvuke ukampanda usoni, akafumba macho, akatabasamu peke yake. Binti alikula cha kwanza amesimama, cha pili ameketi.

“Umetia nini humu?”

“Maji tu, mwanangu.”

Binti aliugeuza mfuko mkononi, akamtazama mamaye.

“Jumamosi ijayo nikuletee na karoti?”