Mtani Alivaa Kanga ya Mama

Admin, ficha jina langu na la kijiji. Mama yangu alifariki mwaka huu, mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza. Siku ya tatu ya msiba nikapoteza na sauti yake. Hilo la pili ndilo limenileta hapa.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, Mzigua wa Handeni. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu, leo nina mashine yangu ya kusaga, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini hapo katikati nilikunywa gongo miaka kumi na mmoja, mpaka kikombe cha chai nikawa nakishika kwa mikono miwili.

Aliyenionyesha njia ni dereva wa lori pale Segera. Nilimwagizia bia, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja. "Mimi nilishamaliza zangu, kaka. Nenda Ngombezi Alhamisi saa tisa, ulizia chumba cha wanywa chai." Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikaenda. Ni kwenye zile nyumba za zamani za wakata mkonge: mabenchi mawili, birika la chai ya tangawizi, watu wanane wanaoiacha pombe. Mimi nikawa wa tisa. Kila Alhamisi nikawa nafunga mashine, namwambia mke wangu nafuata mikanda Korogwe. Siku moja akaniuliza, "Hivi hiyo mashine ina viuno vingapi?"

Sheria pale ni moja: linalosemwa chumbani linabaki chumbani.

Aliyenipokea nitamwita Mtani, maana ndivyo alivyo. Ni mzee wa Kinyamwezi, babu yake alikuja kukata mkonge, na sisi Wazigua na wao ni watani tangu enzi. "Karibu, mtumwa wangu," aliniambia. "Leo umejileta mwenyewe, sijatoa hata senti." Nilicheka, na nilikuwa nimesahau kucheka. Mwili ulipokuwa unadai pombe, nikitetemeka, yeye ndiye aliyenishika mabega. Mwaka na nusu sijagusa tone.

Ni mle chumbani nilipotoa nililokuwa sijamwambia mtu. Jioni moja nilirudi nimelewa, mama akanitengea ugali, akasema, "Umerudi, baba? Kula kwanza. Utanipiga ukishashiba." Nikala. Nikashiba. Kilichofuata mnakielewa.

Msibani Mtani alikuja, kama ilivyo haki yake. Siku ya kuanua tanga akajifunga kanga ya mama, akachukua mkongojo wake, akatembea akiuvuta mguu wa kushoto vilevile kama marehemu. Watu wakavunjika mbavu, hata mimi. Kisha akanigeukia mbele ya ukoo mzima, akalegeza sauti: "Umerudi, baba? Kula kwanza. Utanipiga ukishashiba."

Wakacheka zaidi. Walidhani ametunga. Mimi sikucheka, na mke wangu akaniona. Mjomba naye akaniona, akanivuta pembeni.

"Wewe, ulikuwa unampiga dada yangu?"

"Huo ni utani tu, mjomba."

"Basi mpe mtani chake."

Nikamlipa ada ya utani. Kwa mkono wangu huu.

Alipoondoka nilimfuata njiani, nikamwambia ametoa siri ya kikao. Akanishangaa kwelikweli. "Kikao gani? Mimi nilikuwa msibani, nafanya kazi ya mtani. Mtani hachagui la kuacha. Ningelificha, ningekuwa nimekuzikia mama nusu." Halafu akauona uso wangu, utani ukamtoka. "Nilidhani likichekwa litapungua uzito, mwanangu."

Halijapungua. Jioni nikizima mashine, masikio yakiwa bado yanavuma, naisikia ile kauli. Lakini si mama, ni Mtani, amelegeza sauti. Nikimkumbuka mama akiniita shambani, ni Mtani. Akiniombea dua, ni Mtani. Ya mama mwenyewe naitafuta, siipati. Mke wangu hajaniuliza kitu, ila siku hizi akinitengea chakula, anaweka sahani kisha anarudi nyuma.

Wiki sita sijaenda kikaoni. Juzi nilisimama nje ya kilabu mpaka muuzaji akaniuliza, "Unaingia, au unahesabu wateja?"

Mama anayeongoza kikundi akanipigia; Mtani alishamweleza mwenyewe. "Sheria inasema aliyetoa siri anaondoka. Lakini aliyeumizwa ni wewe, basi useme wewe. Ujue tu, baba, yule mzee hana chumba kingine. Akitoka hapa anarudi kunywa, na kwa umri ule hamalizi mwaka." Nao wazee wetu husema mtani hakasirikiwi, nikimfukuza nimevunja la mababu.

Hesabu naziweza. Tuko tisa. Akiondoka yeye, tunabaki wanane. Nikiacha mimi, wanane. Nikirudi naye akiwepo tunatimia tisa, lakini nitakaa mkabala na kinywa kilichobeba sauti ya mama yangu, na changu hakitafunguka. Na asiyefungua kinywa mle chumbani hamalizi mwezi, nimeshawaona.

Kuna kingine kinachonikosesha usingizi. Mtani akienda zake, hata ile sauti ya kuiga itakwenda naye. Sijui kama hilo ndilo ninalolitaka au ndilo ninaloliogopa.

Kikao ni Alhamisi hii, saa tisa alasiri. Gari ninayopanda inaondoka saa tano. Nataka jibu kabla ya Jumatano jioni, kabla sijazima mashine. Pole zenu kaeni nazo. Niandikieni neno moja tu: abaki, au aondoke?